Picha Iliyokataa Kuiva

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua viatu, Kipimo alipitia chumbani kwa Bibi. Alifungua dirisha, akamnywesha maji kwa kijiko, akamgeuza ubavu wa pili kama muuguzi alivyomfundisha, kisha akavuta shuka mpaka mikunjo ikaisha. Upande mmoja wa mwili wa Bibi ulikuwa umepooza tangu alipopata kiharusi. Bibi alimngoja mjukuu wake amalize kazi, ndipo aulize swali lake la kila siku.

"Mama yako yuko wapi?"

"Yuko kazini, Bibi."

"Kazini wapi?"

"Hapo nyuma, stoo."

"Basi ni mbali," Bibi alisema, akafumba macho.

Kipimo hakujua kama huo ulikuwa utani. Kutoka chumbani kwa Bibi mpaka stoo ilikuwa ni kuvuka ua tu, lakini Mama aliingia humo asubuhi na kutoka jua limezama. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa, na mara nyingi nyumbani walikuwa wanawake watatu tu: mmoja kitandani, mmoja stoo, na mmoja akipita katikati yao kama sindano ya mshonaji.

Jina la Kipimo alipewa hapo nyumbani, kwa sababu hakuweza kuona kitu asikipime. Alipima milango kwa viganja na kina cha ndoo kwa kijiti. Akikata mkate, hakuna aliyethubutu kusema kipande cha mwenzake ni kikubwa. Mama alizoea kuwaambia wageni kwamba hata mizani ya sokoni ikikosea, mwanawe ataisahihisha.

Mama mwenyewe alikuwa mchora ramani za nyumba. Alitumia kompyuta ya mezani, sanduku jeusi lenye feni kubwa iliyovuma kutwa nzima. Aliiweka stoo makusudi, isije ikamsumbua mgonjwa kwa mvumo ule. Kuchora mistari ya kuta na milango haikuwa kazi nzito kwa kompyuta. Kazi nzito ilikuwa ya mwisho, pale ilipogeuza mistari ile kuwa picha kamili, utadhani imepigwa na kamera: ukuta una rangi, mti una kivuli, jua limeingia dirishani na kulala sakafuni. Hapo nyumbani kufanya hivyo kuliitwa "kupika picha". Mpishi alikuwa prosesa, ule ubongo wa kompyuta unaopiga hesabu zote, na picha kubwa ilichukua saa nyingi kuiva.

Mwaka ule Mama alipata bahati ambayo hakuwahi kuipata. Kamati ya ujenzi wa zahanati ya watoto ilikuwa inatafuta mchoraji. Iliwaita watu watatu, kila mmoja alete picha ya jengo alilolifikiria, na ambaye picha yake ingependeza zaidi ndiye angepewa kazi. Mama hakuwahi kuchora kitu kikubwa kuliko nyumba ya familia. Alichora zahanati yenye madirisha ya chini, ili mtoto mgonjwa aweze kuona nje akiwa kitandani. Kipimo alijua wazo hilo limetoka wapi.

Wakati huohuo muuza kompyuta wa barabara kuu alimletea Mama pendekezo. Watu walimwita Miwani, kwa kuwa aliivaa miwani yake kwenye paji la uso siku zote na hakuna aliyewahi kuiona ikishuka machoni. Alikuwa na laptopu, kompyuta ya kubeba, na alikuwa tayari kubadilishana na lile sanduku la mezani, mradi Mama amchoree duka lake upya. Mama aliinama akasoma kibandiko. Jina la prosesa lilikuwa lilelile la kompyuta yake, tena ya laptopu ilikuwa toleo jipya zaidi.

"Jina ni moja, kama ndugu," Miwani alimwambia. "Ila ndugu hawalingani kifua, dada yangu. Nenda nayo nyumbani. Ipe kazi yako nzito mpaka mwisho, ndipo uje tuzungumze."

Mama hakuwa na nafasi ya kujaribu chochote. Michoro ya zahanati ilikuwa imemkaba. Alimkabidhi Kipimo laptopu ile na kumwonyesha picha ya zamani ya kupika.

"Pima wewe," alisema. "Ukiniambia ipi ina nguvu, sitauliza mara ya pili."

Jumamosi Mama alipokwenda kukagua kiwanja cha zahanati, Kipimo alimwita rafiki yake wa nyumba ya jirani. Huyo alijulikana kama Redio, kwani habari ikiingia sikioni mwake asubuhi, mchana mtaa mzima unayo. Waliziweka kompyuta mbili ubavu kwa ubavu pale stoo, wakafungua picha moja ya nyumba ya ghorofa, wakahesabu pamoja na kubonyeza kwa wakati mmoja.

Laptopu ilitoka mbio. Mstari wake wa kijani, ule unaoonyesha kazi ilipofikia, ulimwacha mwenzake kama gari linavyomwacha mtembea kwa miguu. Kipimo alipiga makofi. Tayari alikuwa anamwona Mama ameketi pembeni ya kitanda cha Bibi, laptopu mapajani, akichora huku akizungumza. Swali la kila siku lingekwisha.

Kisha laptopu ikaanza kulia. Feni yake ndogo ilitoa sauti nyembamba kama ya mbu, na Redio alipogusa chini yake alirudisha mkono haraka.

"Mbona hii inahema?" aliuliza. "Imepanda mlima gani?"

Mstari wake ulipunguza mwendo. Laptopu ilikuwa nyembamba mno. Joto la prosesa halikupata pa kutokea, na ili isiungue ilijipunguzia kasi yenyewe. Kompyuta ya mezani haikubadilika. Sanduku lake lilikuwa na nafasi, feni yake ilivuma vilevile, na mstari wake ulikwenda vilevile, pole pole, bila kusimama. Uliufikia wa laptopu, ukaupita, na picha ikaiva. Laptopu ilibaki nyuma ikihema, na ilipomaliza, Redio alikuwa ameshasinzia kwenye gunia.

Kutoka ng'ambo ya ua Kipimo alisikia sauti ya Bibi ikimwita Mama. Iliita mara ya kwanza, ikaita tena, halafu ikaacha.

Kipimo alisimama akiitazama ile mistari miwili. Kisha akafungua picha nyingine, ndogo, ya kiti kimoja tu cha mbao, akazibonyeza tena kompyuta zote mbili. Kiti kilipikwa upesi. Kabla laptopu haijapata hata joto, ilikuwa imeshamaliza na kushinda.

Mama aliporudi aliuliza matokeo mlangoni, hata mkoba hajautua. Kipimo alisema laptopu imeshinda. Hayo yalikuwa kweli. Ile kweli nyingine aliimeza.

"Utamwambia na ile ya kwanza?" Redio alimnong'oneza baadaye.

Kipimo alimwomba anyamaze. Redio, ambaye hakuwahi kufunga mdomo hata usingizini, alinyamaza. Lakini tangu siku ile alikwepa kumtazama Mama usoni, na Kipimo aliliona hilo kila alipokuja.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Sanduku jeusi lilikwenda dukani kwa Miwani, na Mama alihamia chumbani kwa Bibi. Aliketi kwenye kiti cha chini, laptopu juu ya blanketi, akichora mistari ya zahanati. Bibi alitaka kujua kila mlango unaelekea wapi. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya serikali kabla ya kustaafu, na alimkosoa Mama kwa kubonyeza herufi kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa. Mama alicheka. Kipimo alikuwa hajamsikia akicheka kwa muda mrefu, na moyo wake ukamwambia kwamba alichofanya hakikuwa kibaya sana.

Halafu ikafika siku ya kupika picha ya zahanati. Kamati ilikuwa inakutana kesho yake, Jumamosi. Mama alibonyeza asubuhi na mapema, akaenda kufua, akijua kwamba kwa nguvu alizoambiwa, jioni picha itakuwa imeiva.

Mchana mstari ulikuwa haujafika hata robo. Kipimo alirudi kutoka shule akamkuta Mama ameinama, ameshika laptopu kama mtu anavyoshika mtoto mwenye homa. Aliiondoa kwenye blanketi akaiweka mezani jikoni. Aliiinua kwa vifuniko vya chupa ili hewa ipite chini. Aliipepea kwa gazeti. Mstari ulisogea kidogo, ukakwama, ukasogea. Jioni ilipoingia laptopu ilizimika yenyewe, na kila kilichokuwa kimepikwa kikapotea.

Mama hakupiga kelele. Aliiwasha, akaanza upya.

"Mama, pumzika kwanza," Kipimo alimwambia. Aliyotaka kusema yalikuwa mengine.

"Nitapumzika ikiiva," Mama alijibu.

Asubuhi Kipimo alimkuta palepale, kitambaa cha kichwa kimemlegea, macho mekundu. Kwenye kioo kulikuwa na nusu ya zahanati. Paa lilikuwepo, na mawingu. Chini ya hapo kulikuwa na weusi mtupu, na yale madirisha ya chini, aliyoyachora kwa ajili ya watoto, hayakuonekana kabisa. Mama alinawa uso, akachapisha mistari mitupu, akaikunja na kwenda nayo.

Alirudi kabla ya adhuhuri. Kipimo alimwona kupitia dirisha la Bibi akivuka ua taratibu, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni. Aliingia jikoni akaketi sakafuni, mgongo ukutani. Wajumbe walimpokea kwa heshima, alieleza kwa sauti isiyo na rangi. Walisema mistari yake ni safi. Lakini wenzake wawili walileta picha, na mjumbe mmoja alimwambia kwamba kwenye karatasi yake hawakuiona nyumba, waliona waya. Kazi ilikwenda kwa mwingine.

Bibi aliita kutoka chumbani, akiuliza kama waliyapenda yale madirisha. Aliuliza tena. Mama aliufunika uso kwa upande wa kanga yake, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Kipimo alitamani ardhi ipasuke. Alidhani ameshaona mwisho wa ubaya, kumbe bado. Mama alifuta uso, akasimama, akaifunga laptopu kwenye mfuko.

"Twende," alisema. "Unisaidie kubeba. Yule mtu amenidanganya, na leo atanieleza."

Njia nzima Kipimo aliutazama mgongo wa Mama. Kila hatua alijiambia kwamba atasema wakifika kwenye kona, na kona ikafika ikapita. Dukani walimkuta Miwani ameinama juu ya meza ya kazi, na juu ya meza hiyo kulikuwa na sanduku jeusi la Mama, limefunguliwa, feni imetolewa na kuwekwa pembeni. Alikuwa analigawa vipande. Mteja mmoja alikuwa anakuja jioni kuchukua prosesa.

Mama hakumsalimu. Aliitua laptopu mbele yake na kuyamwaga yote: zahanati, kamati, usiku wa kukesha. Wateja wawili waligeuka. Mmoja alirudisha rafuni kitu alichokuwa amekishika.

"Ulijua haina nguvu," Mama alisema. "Ulitazama kibandiko na ukanitazama mimi, ukaona mwanamke wa kumuuzia kopo."

Miwani alisema kwa unyonge kwamba aliomba ijaribiwe kwa kazi nzito mpaka mwisho.

"Ilijaribiwa. Mwanangu ndiye aliyepima, na mwanangu hakosei kipimo."

Yule mteja alikuwa ameshafika mlangoni. Kipimo aliona uso wa Miwani, uso wa mtu anayeibiwa jina lake mchana kweupe na hana wa kumtetea isipokuwa mtoto mmoja aliyesimama kimya.

"Si yeye, Mama," alisema. "Ni mimi."

Mama aligeuka.

Kipimo alieleza, macho sakafuni. Alieleza picha ya kwanza, jinsi laptopu ilivyotangulia, ikapata joto, ikapitwa. Alieleza kile kiti cha mbao. Alisema hakutamka uongo hata neno moja, na aliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake akaona jinsi yalivyo maovu, akaanza kulia.

Miwani aliishusha miwani yake kutoka kwenye paji la uso, akaivaa machoni na kumtazama vizuri. Hakumkemea. Alichukua bisibisi, akairudisha feni ndani ya sanduku jeusi na kuanza kukaza skrubu moja baada ya nyingine. Alisema mteja wa jioni atatafutiwa prosesa nyingine, na kwamba laptopu hiyo si mbovu. Mwandishi wa barua angeifurahia, na mwanafunzi, na mtu wa safari, wote ambao kazi zao ni za mbio fupi. Ila si mpishi wa picha.

Mama alimwomba radhi mbele ya wateja wake, kwa sauti ya kusikika. Kisha waliondoka, sanduku jeusi likiwa kichwani kwa Mama, na hakusema neno lolote njiani. Kipimo angeona heri kofi kuliko kimya kile.

Walipofika uani, Mama alilitua sanduku, lakini hakuufungua mlango wa stoo.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Bibi anakuita. Kila siku anakuita, na wewe huko nyuma husikii, feni inavuma. Nilitaka ukae naye."

Mama aliingia chumbani kwa Bibi, Kipimo nyuma yake, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alimweleza Bibi kila kitu, tangu kiti cha mbao mpaka picha nyeusi. Alimwambia kwamba aliiweka kompyuta stoo kwa kuogopa mvumo wake utamnyima usingizi.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimelala miaka yangu yote na mlio wa mashine masikioni," alisema pole pole, kwa ule upande wa mdomo uliokuwa mzima. "Kinachoninyima usingizi ni hiki kimya. Nani aliniuliza?"

Mama alitazama chini. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Jioni ile waliibeba meza ya stoo, Kipimo mbele na Mama nyuma, Redio akishika nyaya na kuwaonya kuhusu kila kizingiti. Meza ilikataa kupita mlangoni. Kipimo aliupima mlango kwa viganja, akaipima meza, akasema ing'olewe miguu. Ikang'olewa, ikapita, ikasimama chini ya dirisha, ubavuni mwa kitanda. Sanduku jeusi liliwekwa juu yake, na feni kubwa ikaanza kuvuma. Kazi yote haikuzidi muda wa kuchemsha maji ya kuoga.

Kipimo aliiona meza ile na machozi yakamrudia. Zahanati ilikuwa imekwenda. Ingejengwa na mtu mwingine, na madirisha yake yangekuwa juu, na yeye angeipita kila siku akienda shule.

Mama alimvuta karibu.

"Nimekasirika, na nitaendelea kukasirika siku chache, sitakuficha," alisema. "Lakini nisikilize. Ulikuwa na ombi zuri. Ungeniambia, 'Mama, hamia kwa Bibi,' tungebeba meza siku hiyohiyo. Wewe ulilificha ombi lako ndani ya kipimo. Kipimo hakiombi, mwanangu. Kazi yake ni kusema kilichopo. Ukikikata kikaonyesha nusu unayoipenda, atakayekiamini ataanguka kwenye ile nusu uliyoificha. Kitu ukikitaka, kiombe kwa mdomo wako. Na ukipima, pima mpaka mwisho, useme yote."

Kisha akamwambia kwamba kila Jumamosi, mpaka Miwani atakapotosheka, atakwenda dukani kumpimia kompyuta zake: za mezani na za kubeba, kwa kazi ndogo na kwa kazi nzito mpaka iishe, na kila mnunuzi ataambiwa matokeo yote mawili. Kipimo aliitika. Redio aliomba kwenda naye, akisema kuna habari zinazohitaji mtu wa kuzitangaza.

Mama aliifungua picha ya zahanati, ingawa hakuna aliyekuwa anaingoja tena, akabonyeza. Mstari wa kijani ulianza safari yake, pole pole, bila kusimama. Asubuhi, Kipimo alipoingia kufungua dirisha, picha ilikuwa imeiva. Jua liliingia kwenye madirisha ya chini na kulala juu ya vitanda vidogo. Mama alikuwa amesinzia mezani. Bibi naye alikuwa usingizini, mkono wake mzima umelala juu ya bega la mwanawe, na katikati yao feni ilikuwa inavuma.